Uliza Daktari: Virusi Vinapoingia Wakati wa Ujauzito

Tangu tulipochapisha makala kuhusu homa kwa wajawazito, barua zinazofika katika safu hii zinazunguka jambo moja: mama anapoambukizwa virusi, kondo la nyuma na mtoto aliye tumboni wanapatwa na nini? Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo lisipojibiwa yale mengine hayataeleweka. Majina ya waandishi tumeyaondoa.

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali Morogoro, na huu ni ujauzito wangu wa kwanza. Nilipokuwa na wiki ya 9 niliamka nikiwa na vipele vidogo usoni, na kufikia jioni vilikuwa vimeshuka hadi kifuani na mikononi, pamoja na homa ndogo na tezi zilizovimba nyuma ya masikio. Siku ya tatu vikatoweka. Zahanati walinipima malaria, haikuonekana, nikapewa dawa ya mzio. Baadaye nikasikia kwamba watoto wawili wa darasani kwangu walikuwa na vipele vya namna hiyo hiyo. Jirani yangu ananiambia mtoto atazaliwa kipofu. Mume wangu anasema haiwezekani, kwa kuwa tulifundishwa shuleni kwamba damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki. Nani yuko sahihi? Sasa nina wiki ya 12.

JIBU: Marahaba, mwalimu, na pole kwa wasiwasi wa wiki hizi tatu. Mumeo hajakosea: damu yako na damu ya mtoto hazichanganyiki. Jirani naye hakulitunga jambo hilo, ila amekata hukumu kabla ya kipimo. Ili kuona kwa nini kila mmoja ameshika sehemu ya ukweli, tutazame kwanza kiungo ambacho watu wengi hukikumbuka siku ya kukizika tu, yaani kondo la nyuma.

Kwa sehemu kubwa kondo hutokana na mimba yenyewe. Ni tishu ya mtoto iliyojishikiza katika ukuta wa mfuko wa uzazi wa mama, na ujauzito unapotimia huwa na uzito wa karibu nusu kilo. Upande unaomwelekea mama una matawi madogo madogo yasiyohesabika, yaliyozama katika damu ya mama kama mizizi ya mkoko inavyozama maji ya bamvua yanapojaa, na ndani ya kila tawi mna mishipa myembamba inayobeba damu ya mtoto. Oksijeni, sukari na baadhi ya kingamwili huvuka ukuta wa tawi kwenda kwa mtoto, na taka huvuka kurudi kwa mama. Ukuta huo ndio mlinzi. Tabaka lake la nje halina mipaka ya seli, kwani seli nyingi mno zimeungana zikawa ngozi moja isiyo na mshono, kiasi kwamba kirusi hakipati ufa wa kupenya kati ya seli na seli. Tena tabaka hilo hutoa intaferoni, yaani kemikali za mwili za kupambana na virusi, hata pale ambapo hakuna kirusi chochote kilichokaribia. Ndiyo maana virusi vingi vinavyomlaza mama kitandani, vikiwemo vya mafua, ni nadra sana kumfikia mtoto.

Lakini ulinzi huo una sehemu dhaifu. Kule ambako matawi yamejichimbia katika ukuta wa mfuko wa uzazi ili yashike, seli za mtoto zinagusana moja kwa moja na seli za mama bila ile ngozi isiyo na mshono, na virusi kadhaa huanzia hapo. Vingine huingia vikiwa vimebebwa na kingamwili za mama, kwa kuwa kondo limeumbwa kuzivusha hizo kwa makusudi. Kwa hiyo damu hazichanganyiki, na bado kirusi kinaweza kuvuka, kwa kuambukiza ukuta wenyewe, tabaka baada ya tabaka, mpaka kifike upande wa pili.

Kirusi cha rubela ni miongoni mwa vichache vilivyo hodari kwa safari hiyo, na dalili ulizozieleza, hasa tezi za nyuma ya masikio na vipele vilivyoanzia usoni na kuisha kwa siku tatu, zinaifanya rubela iwe ya kwanza katika orodha ya mambo ya kuchunguza. Kwa mtu mzima na kwa watoto wa darasani kwako ni ugonjwa mwepesi, na wapo wengi wanaoupata bila kuona kipele hata kimoja. Uzito wake uko kwa mtoto aliye tumboni. Kirusi huambukiza seli zinazotandika mishipa ya damu ndani ya kondo, kisha husafiri na damu ya mtoto hadi katika viungo ambavyo ndiyo kwanza vinaundwa. Hakiviui vyote, mara nyingi hupunguza kasi ya seli kugawanyika, na kiungo ambacho kilipaswa kukamilika katika wiki fulani hubaki nusu. Jicho hupata mtoto wa jicho, sikio la ndani hudhoofika, na moyo huzaliwa na mshipa uliopaswa kujifunga ukiwa bado wazi. Wakati mwingine mimba hutoka.

Aliyeanza kuuona uhusiano huo ni daktari wa macho wa Sydney, Australia, Norman McAlister Gregg, ambaye mwaka 1941 aliona watoto wachanga wengi kuliko kawaida wakiletwa kwake na mtoto wa jicho, na alipowauliza mama zao akagundua kwamba karibu wote walikuwa wameugua rubela mapema katika ujauzito, wakati wa mlipuko wa mwaka 1940. Wakati huo madaktari wengi waliamini kwamba kilicho tumboni hakifikiwi na maradhi ya namna hiyo, na haikuwa rahisi kwao kumsadiki. Miaka ya 1964 na 1965 rubela ilipoenea Marekani, watoto wapatao 20,000 walizaliwa na madhara yake, na chanjo ikapatikana mwaka 1969.

Sasa nije kwenye wiki yako ya 9, kwa maana hapo sitaki kukupunguzia jambo. Mama asiye na kinga akiambukizwa rubela katika wiki za mwanzo kabisa, uwezekano wa kirusi kumfikia mtoto unaweza kufika asilimia 90, na hizo ndizo wiki ambazo madhara huwa makubwa. Hatari ya ulemavu hushuka sana baada ya wiki ya 12, na baada ya wiki ya 20 ni nadra. Kwa hiyo swali la kwanza si la jirani yako, kwamba mtoto ataonaje. Ni kama kweli ulichougua ni rubela, na kama hukuwa na kinga tayari. Mwaka 2014 Tanzania ilipoingiza chanjo ya surua na rubela, kampeni iliwachanja watoto wa miezi 9 hadi walio chini ya miaka 15. Ikiwa ulikuwa ndani ya umri huo, au uliwahi kuugua rubela utotoni, kuna uwezekano mkubwa kwamba umekingwa, na vipele vyako vina chanzo kingine.

Kipimo kinachohitajika ni cha damu, cha kutafuta kingamwili za aina mbili. Ile inayoitwa IgM hujitokeza siku chache baada ya vipele na hubaki kwa wiki kadhaa, kwa hiyo katika wiki ya 3 tangu uugue bado inaweza kuonekana. Lakini kadiri unavyochelewa ndivyo jibu linavyofifia, nami ningependa uende wiki hii hii. Ile ya IgG huonyesha kinga ya muda mrefu, na kupima damu mara mbili kwa tofauti ya wiki mbili au tatu husaidia kujua kama kinga hiyo ni ya zamani au inapanda sasa. Hospitali ya wilaya inaweza kuipeleka sampuli mahali inakopimwa. Mwombe mganga aandike kwenye fomu tarehe vipele vilipoanza na umri wa mimba siku hiyo, kwani bila tarehe hizo mbili hata jibu la maabara nzuri ni vigumu kulisoma. Mimi kama ningekuwa na uwezo wa kubadili kitu kimoja katika zahanati zetu, ningebadili tabia ya kuacha kuuliza pale kipimo cha malaria kinapokuwa hakikuonyesha kitu. Mjamzito mwenye vipele asipokuwa na malaria ndipo kazi ya kuuliza inapoanza.

Ikithibitika kuwa ni rubela, hakuna dawa ya kukiondoa kirusi kwa mtoto, nami sitakuficha hilo. Utahitaji kukaa na daktari bingwa wa uzazi, wewe na mumeo, mwelezwe kwa utulivu kiwango cha hatari na hatua zinazowezekana. Ultrasaundi za kufuatilia ukuaji na moyo zina maana, ingawa haziwezi kuona kila kitu. Usikivu, kwa mfano, hauonekani kwa picha. Mtoto akizaliwa, macho, moyo na masikio yachunguzwe mapema, kwa sababu mtoto mwenye mtoto wa jicho akifanyiwa upasuaji katika miezi ya kwanza hupata nafasi ya kujifunza kuona ambayo akichelewa huikosa. Wahudumu waelezwe pia kwamba mtoto huyo anaweza kuendelea kutoa virusi kwa miezi mingi, hivyo wajawazito wengine wasimhudumie bila kujua kama wana kinga. Ikiwa vipimo vitaonyesha kwamba hukuugua rubela na huna kinga, chanjo isubiri hadi ujifungue, kwa sababu ndani yake mna virusi hai vilivyodhoofishwa, na anayechanjwa hushauriwa asishike mimba kwa mwezi mmoja.

Jambo moja zaidi, kwa sababu ya kazi yako. Upo ugonjwa mwingine wa virusi, saitomegalo, ambao watu wengi hawajausikia ingawa ndio unaoongoza duniani kati ya maambukizi ya virusi ambayo watoto huzaliwa nayo. Virusi vyake hukaa katika mate na mkojo wa watoto wadogo, huvuka kondo hata mama akiwa hana dalili, na ni chanzo kikubwa cha watoto kuzaliwa au kubaki na uziwi. Chanjo yake haijapatikana. Unachoweza kufanya ni kunawa kwa sabuni kila unapomfuta mtoto kamasi au kumbadilisha nguo, kutomaliza uji uliobaki kwenye kikombe chake, na kumbusu kichwani badala ya mdomoni. Walimu wa awali na kina mama wenye mtoto wa pili ndio wanaohitaji zaidi ushauri huu, na ndio wasiopewa kliniki.

SWALI: Daktari, mimi ni baba wa familia, naandika kutoka Kibaha. Mke wangu alipokuwa na mimba ya miezi saba niliugua mafua makali, na wiki iliyofuata naye akaugua, akapimwa na kukutwa na UVIKO-19. Hakuzidiwa, hakulazwa. Siku kumi baadaye alisema mtoto hachezi. Hospitali wakatuambia mtoto amefia tumboni, na mkunga akasema kondo lilikuwa gumu na lenye rangi isiyo ya kawaida. Nilikuwa nikisoma kwamba virusi hivi havipiti kwenda kwa mtoto. Ilikuwaje basi? Na je, ni mimi niliyeleta msiba huu nyumbani?

JIBU: Poleni sana, ndugu yangu, wewe na mama watoto. Ulichosoma ni kweli kwa kiasi kikubwa: mtoto kuambukizwa virusi vya UVIKO-19 akiwa tumboni hutokea mara chache. Lakini mtoto hahitaji kuambukizwa ili adhurike. Inatosha kondo lenyewe kuugua.

Kuanzia mwaka 2021 madaktari wa patholojia, yaani wanaochunguza tishu kwa hadubini, katika nchi mbalimbali walianza kuona makondo yaliyokuwa na mambo matatu kwa pamoja. Lile tabaka la nje nililolieleza hapo juu lilikuwa limekufa. Seli za kinga za mama zilikuwa zimejazana katika nafasi iliyo kati ya matawi. Na fibrini, ile protini inayogandisha damu, ilikuwa imetanda na kuziba sehemu ambayo damu ya mama ilipaswa kupita. Kondo la namna hiyo likishikwa huwa gumu, na likikatwa huonekana limepauka. Katika uchunguzi mmoja uliokusanya vifo 68 vya watoto waliofia tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa, kutoka nchi 12, kwa wastani zaidi ya robo tatu ya kondo ilikuwa imeharibika. Mtoto hukosa oksijeni huku mapafu ya mama yakiwa mazima, na huenda ndiyo sababu mkeo hakuhisi kuzidiwa. Siwezi kusema kwa hakika kwamba ndivyo ilivyokuwa kwenu, kwa kuwa hilo husemwa na hadubini tu, ila maneno ya mkunga yanakaribiana nalo.

Kama ningekuwapo, ningeomba kipande cha kondo kihifadhiwe katika fomalini na kupelekwa patholojia. Hospitali za rufaa kama Muhimbili, KCMC na Bugando zina huduma hiyo. Naeleza hili kwa ajili ya wasomaji wengine pia. Familia nyingi huomba kondo lote wakalizike, nami naheshimu hilo. Kipande kidogo kikikatwa kwanza, kilichobaki bado kinazikwa kama kawaida, na wazazi wanapata jibu ambalo vinginevyo watalitafuta maisha yao yote.

Kuhusu lawama, sioni ya kukubebesha. Mtu anayeishi na watu hawezi kuchagua pumzi atakayoivuta ndani ya daladala. Chanjo ya UVIKO-19 imethibitika kuwa salama kwa wajawazito, na akina mama katika vifo 68 nilivyovitaja hawakuwa wamechanjwa kikamilifu. Hilo ni la kuzingatia kwa mimba ijayo, ambayo ningeshauri msiikimbilie kabla mama hajapona mwili na moyo. Siku ya kwanza kliniki wakati huo mwelezeni mhudumu habari hii yote, ili ukuaji wa mtoto ufuatiliwe kwa ultrasaundi. Na mama yeyote anayesoma hapa, akiona mtoto anacheza pungufu kuliko alivyozoea, asingoje kesho. Aende siku hiyo hiyo, awe na homa au asiwe nayo.

Umeniuliza pia, katika sehemu ya barua ambayo sikuichapisha, kuhusu mafua yenyewe. Virusi vya influenza kwa kawaida haviingii kwa mtoto. Hatari yake hutokana na homa kali na mapafu ya mama, ambayo katika miezi ya mwisho tayari yanabanwa na tumbo, na kinachofuata mara nyingi ni mtoto njiti. Homa kali ishushwe kwa parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo maduka ya dawa huziuza bila hata kuuliza kama mnunuzi ni mjamzito, ziepukwe, hasa baada ya wiki ya 20, kwa kuwa zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi.

SWALI: Sisi ni wafugaji, tunaishi Longido. Baada ya mvua kubwa mbuzi wetu wengi wametupa mimba kwa mfululizo, na wengine wamekufa. Mke wa mdogo wangu ni mjamzito wa miezi minne na yeye ndiye huwasaidia mbuzi kuzaa. Wazee wanasema asiwaguse. Je, ni imani tu?

JIBU: Wasikilizeni wazee. Mvua kubwa, mbu wengi, na mbuzi au kondoo kutupa mimba kwa wingi kwa wakati mmoja ni sura ya homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa uliotambuliwa mara ya kwanza karibu na Naivasha, Kenya, mwaka 1930, katika kundi la kondoo ambao wana-kondoo wao walikuwa wakifa. Mayai ya baadhi ya mbu huweza kukaa na kirusi katika udongo mkavu kwa muda mrefu, yakasubiri mafuriko. Milipuko ya mwaka 1997 na 1998, na ile ya 2006 na 2007, ilifuata mvua za aina hiyo, na huo wa pili ulifika Tanzania.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kutupa mimba ni kwa mifugo peke yao. Kisha watafiti nchini Sudan, wakiwafuatilia wajawazito wenye homa waliofika hospitali ya Port Sudan mwaka 2011 na 2012, wakaona kwamba zaidi ya nusu ya waliokuwa na homa ya Bonde la Ufa walipoteza mimba, ilhali miongoni mwa wenye homa nyingine ilikuwa takribani 1 kati ya 8. Wanawake wenyewe hawakuwa wengi, lakini tofauti ni kubwa mno kuipuuza. Maabara nayo imeonyesha jambo lisilo la kawaida: kirusi hiki kina uwezo wa kuiambukiza moja kwa moja ile ngozi ya nje ya kondo la binadamu, ambayo virusi vingi hushindwa nayo.

Basi shemeji yenu asiguse mbuzi anayezaa, kondo lake, wala kilichotupwa, na asichune wala kupasua nyama ya mnyama aliyekufa. Atakayeifanya kazi hiyo avae glavu na kufunika mdomo na pua, kisha afukie mabaki kwa kina. Maziwa yachemshwe hadi yatokote, na damu mbichi asinywe kabisa kipindi hiki. Alale ndani ya chandarua, ingawa baadhi ya mbu hawa huuma mchana pia. Mwiteni afisa mifugo achukue sampuli, kwani brusela, ambayo ni bakteria, nayo hutupisha mimba mifugo na binadamu, na tiba yake ni nyingine. Shemeji akipata homa, apelekwe kituo cha afya na habari ya mbuzi itajwe kabla ya jambo lolote. Mhudumu asipoambiwa kuhusu mbuzi hatakuwa na sababu ya kuwafikiria.

SWALI: Naandika kutoka Masaka, Uganda. Kirusi cha Zika kina jina la msitu wetu, lakini watoto wenye vichwa vidogo tulioonyeshwa kwenye televisheni walikuwa wa Brazil. Mke wangu ana mimba changa. Tuogope?

JIBU: Msitu wa Zika uko karibu na Entebbe, na kirusi hicho kilipatikana humo mwaka 1947 katika damu ya kima aliyewekwa na watafiti juu ya mti, na mwaka uliofuata katika mbu. Kwa miongo mingi kilihesabiwa kuwa cha homa ndogo isiyo na madhara. Ilipofika mwaka 2015 kikaenea Brazil, kati ya watu wengi ambao hawakuwahi kukutana nacho, na hapo ndipo athari yake kwa watoto ilipoonekana kwa wingi. Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura mwezi Februari 2016.

Zika hupita kondo kwa njia yake. Ndani ya matawi mna seli za kinga za mtoto mwenyewe, ambazo kazi yake ni kumeza wavamizi, na kirusi hiki hujizalisha humo humo ndani ya walinzi bila kuwaua haraka. Kikishafika kwa mtoto huziendea seli changa ambazo zingezaa ubongo. Fuvu hukua kwa kufuata ubongo, kwa hiyo ubongo usipokua, kichwa hubaki kidogo. Hata hivyo si kila mama aliyeambukizwa huzaa mtoto mwenye tatizo: katika maeneo ya Marekani yaliyofuatiliwa, ilikuwa kama mtoto 1 kati ya 20, na kiwango kilikuwa juu kidogo kwa walioambukizwa miezi mitatu ya mwanzo.

Kwa sasa sioni sababu ya nyinyi kuishi kwa hofu. Mbu wanaoieneza huuma mchana na huzaliana katika maji safi yaliyotuama, yaani ndoo, matairi na vifuu vilivyozagaa nyuma ya nyumba zetu, na kuvimwaga kila wiki kunawakinga pia na dengue na chikungunya, ambazo kwa Afrika Mashariki zina uwezekano mkubwa zaidi wa kugonga mlango. Chikungunya mama akiipata siku za kujifungua humwambukiza mtoto mara nyingi, na mtoto anaweza kuumwa sana. Zika huambukizwa pia kwa kujamiiana, kwa hiyo mwanamume anayerudi kutoka penye mlipuko atumie kondomu mke akiwa mjamzito.

SWALI: Nimepimwa kliniki Tanga nikaambiwa nina homa ya ini B. Dada yangu anaishi na VVU na amezaa watoto wawili wazima. Kwa nini yeye wamempa dawa, mimi nimeambiwa nisubiri? Kondo langu litamlinda mtoto?

JIBU: Kwa magonjwa haya mawili kondo hufanya kazi nzuri kuliko watu wanavyodhani. Bila dawa yoyote, mama mwenye VVU humwambukiza mtoto kwa kiwango cha asilimia 15 hadi 45, na sehemu kubwa ya maambukizo hayo hutokea wakati wa kujifungua na kunyonyesha, si tumboni. Dawa za kufubaza virusi, zikimezwa kila siku na mtoto naye akapewa dawa yake baada ya kuzaliwa, hukishusha kiwango hicho hadi chini ya asilimia 5, na kwa mama ambaye virusi vyake vimefubazwa tangu kabla ya mimba hushuka zaidi ya hapo. Dada yako ni ushahidi.

Homa ya ini B nayo hupita zaidi siku ya kujifungua, mtoto anapogusana na damu na majimaji ya mama. Si kila mama mwenye kirusi hiki anahitaji vidonge. Wenye virusi vingi mno katika damu hupewa tenofovir kuanzia wiki ya 28, kwa hiyo uliza kama kipimo cha wingi wa virusi kimefanyika au kitafanyika lini; neno “subiri” bila kipimo hicho halitoshi. Kunyonyesha ni salama mradi mtoto amechanjwa.

Chanjo ndiyo kiini cha jibu langu. Ile ya mchanganyiko inayotolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ina kinga ya homa ya ini B ndani yake, lakini kwa mtoto wako wiki ya 6 ni kuchelewa. Anahitaji dozi ya kwanza ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, kwa sababu mtoto mchanga akishaambukizwa, kirusi hubaki naye maisha yake yote mara 9 kati ya 10, na ini lake ndilo hulipa miaka mingi baadaye. Si kila wodi ya wazazi huwa nayo. Katika hudhurio lako lijalo muulize muuguzi kama chanjo hiyo itakuwapo mahali utakapojifungulia, na kama haipo, itapatikana wapi na nani ataifuata. Jibu liandikwe kwenye kadi yako ya kliniki, ili mkunga wa zamu alione hata kama utafika usiku wa manane na aliyekuahidi hayupo kazini.